Siku Tuliyogeuza Mtumbwi

Mama alipotolewa lopitali aliomba kitu kimoja tu: apelekwe kwao, kisiwa cha Idjwi, akamwone mama yake. Hakuomba dawa wala padri. Chupa ya limonadi tuliyomnunulia njiani aliishika tu mkononi mpaka ikapata joto. Daktari alikuwa amemwita baba pembeni, akasema naye kwa Kifaransa cha polepole. Baba alikuwa planton katika biro moja ya serikali, mtu wa kubeba barua na kufungua milango, na Kifaransa alikisikia kuliko alivyokisema. Alirudi ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Banasema tumupeleke nyumbani," alisema.

Nami nikafurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani mgonjwa akirudishwa nyumbani maana yake amepona nusu, na nusu nyingine itapona kwa uji.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, nikawa najifunza kushona kwa maman mmoja pale Nyawera, nyuma ya soko. Kichwa changu kilijaa mambo mazuri yasiyo na barabara ya kufikia. Mvua ikinyesha siku ya kufua, nilisema kesho jua litawaka mara mbili. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mutoto yangu, hata nyumba ikiungua atasema: bon, leo tutaota moto." Wao walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao.

Mama yake mama, koko wetu, alikuwa bado hai kule kisiwani, lakini miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Kumleta Bukavu haikuwezekana. Kwa hiyo kati ya wale wawili ni mmoja tu angeweza kusafiri, na huyo mmoja ndiye mgonjwa. Boti la mota lililozoea kupeleka watu Idjwi lilikuwa limefungwa kamba bandarini, mazuti, yale mafuta ya mashine, hakuna. Mwaka ule mazuti ilikuwa kama mgeni wa heshima, watu walisikia tu kwamba atakuja. Ikabaki mtumbwi.

Mwenye mtumbwi tulikuwa naye katika ukoo. Alikuwa binamu ya mama, sisi watoto tulimwita tonton. Alileta mananasi na kahawa kutoka kisiwani, akarudi na chumvi na sabuni. Mtu mfupi, mabega mapana, mdomo haupumziki. Alikuja kumwona mama, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampima kwa macho.

"Dada, umekonda hivi? Mutumbwi yangu itafurahi. Tangu lini ilibeba kitu chepesi?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Tutatoka lini?"

"Siku ya posho." Kwetu hiyo ndiyo Jumamosi. "Lakini sikia, na nyinyi wote musikie. Mbele ya jua. Jua ikishapanda mulima, musiniulize tena kama tutapita mulango."

Mlango ni nini, mtu wa mbali hawezi kujua. Bukavu imekaa ndani ya ghuba, na maji ya ghuba ni maji ya nyumbani: wanawake wanafulia, watoto wanaogelea, mtu anaweza kupiga kafi huku anakula muhindi. Lakini ukienda mbele, nchi kavu inatoa ulimi upande mmoja, na upande mwingine kuna mawe, na katikati ndiyo njia ya kutokea ziwa kubwa. Asubuhi njia ile imelala kama mafuta ndani ya sufuria. Jua likipanda, upepo unatoka ziwa kubwa na kusukuma mawimbi yaingie palepale penye wembamba. Yanapiga mawe, yanarudi, yanakutana na wenzao wanaokuja. Hapo maji yanasimama wima, hayajui yaende wapi. Mitumbwi mingi imejazwa pale, na waliokuwa ndani si wote walitoka.

Haya yote mama aliyajua kabla ya kujua kusoma. Sisi hatukuyajua. Baba alikuwa mtu wa Mudaka, na watu wa Mudaka wanajua maharagwe, ndizi na ng'ombe. Ziwa wanaliangalia kutoka juu, kama mtu anavyoangalia shamba la jirani. Na huko mlimani kuna desturi: mke mgonjwa harudishwi kwao hivihivi. Ukimrudisha mikono mitupu, wakwe watasema mlimtumia, na alipochoka mkamtupa. Lazima mkubwa wa upande wa mume amsindikize. Lazima abebwe juu, kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti miwili kinachobebwa mabegani, watu wote waone kwamba anaheshimiwa. Na lazima pombe ya ndizi itangulie mbele yake.

Ndugu mkubwa wa baba, baba mukubwa wetu, alijitwika kazi hiyo. Alishuka kutoka Mudaka siku moja kabla, na vijana wanne wa kubeba, na tipoyi mpya iliyosukwa vizuri kama kikapu cha harusi. Alivaa abacost, koti la kijivu aliloazima kwa mwalimu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mama alipoiona tipoyi macho yake yalijaa machozi, akasema asante. Hakuna aliyefikiri neno lingine.

Jumamosi ile mama alioga saa ya giza, akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akakaa mlangoni. Tonton alikuwa ufukoni tangu jogoo wa kwanza. Lakini pombe ilikuwa haijafika. Waliokuwa wanaileta walikamatwa barabarani kwa ajili ya salongo, maana Jumamosi ile kila raia alitakiwa kushika jembe na kusafisha barabara, hata kama amebeba kasiksi, pombe ile ya ndizi, ya wakwe. Tukangoja. Jua likatoka. Tonton alituma mtu, akatuma mwingine.

"Twende bila pombe," mama alisema. "Mama yangu hanywi tena, na meno hana."

"Maman, hapana," baba mukubwa akajibu kwa upole mwingi. "Unataka baseme nini juu yetu? Kwamba tulikuleta kama kuku ya kufa?"

Mama alimtazama baba. Baba aliangalia kiatu chake. Nikasema mimi, kwa furaha yangu ile, "Saa moja tu, mama! Ziwa haihame." Nilikuwa najua nini?

Pombe ilifika, bidoni mbili, yaani madumu mawili, na ilikuwa karibu saa tano ya mchana tulipoondoka nyumbani. Vijana walimbeba mama kupitia Nyawera, na soko lote likafungua njia. Wapagazi walishusha mizigo yao. Maman mmoja muuza machungwa, ambaye hatukumjua, alikuja mbio akaweka chungwa kwenye mapaja ya mama, akarudi bila kusema kitu. Mama alikaa juu kule kama bibi arusi. Nilijivuna. Nilitembea pembeni nikiwaza kwamba siku moja nitamshonea gauni la rangi ile ile ya chungwa.

Tonton alipotuona alitupa kafi chini.

"Muzee," alimwambia baba mukubwa, "jua iko wapi?"

"Iko juu."

"Iko juu. Asante. Nilifikiri ni macho yangu tu inaharibika." Halafu akaiona tipoyi. "Na hii ni nini?"

"Ni kitanda ya mugonjwa."

"Mutaiacha hapa. Mu mutumbwi mugonjwa analala chini, mu tumbo, mugongo kwa mbao. Kila kitu chenye uzito kinakaa chini. Mutu, nanasi, chumvi, hata askofu, chini."

"Chini kuna maji!"

"Kuna maji, ndiyo. Ni mutumbwi, haiko kanisa."

"Muke ya ndugu yangu haiko gunia ya mihogo," baba mukubwa alisema, akawageukia watu waliokuwa wamekusanyika. "Nitafika kwa wakwe na mutu amelowa kama samaki? Nitasema nini, mimi?"

"Utasema umefika! Nyinyi batu ya mulima, heshima yenu itawaua na nguo safi."

Walibishana hivyo mpaka mama akainua mkono. "Twende," alisema. "Twende tu. Mukigombana, jua haisimame kuwasikiliza." Tonton akatema mate, akatazama mbele kwenye ghuba, akamtazama dada yake, akakubali kitu alichojua si sawa. Wakaifunga tipoyi kwa kamba juu ya mbao za katikati, mama akiwa juu ya usawa wa kingo, akiwa mkavu na mwenye heshima.

Baba hakuingia. Alibaki na wadogo zangu na wale vijana wanne wa kubeba, maana nafasi ilikuwa ndogo. Aliweka mkono kwenye mti wa tipoyi, akautoa, akauweka tena. "Mumusalimie koko," alisema. Tangu nizaliwe sikupata kuwaona wameshikana mikono mbele ya watu, na siku ile pia hawakushikana.

Wapiga makafi watatu wa tonton walikaa mbele. Tonton alikaa nyuma kabisa na kafi refu la kuongozea. Baba mukubwa alikaa amekumbatia bidoni zake. Mimi niliwekwa katikati, miguuni pa mama, nikapewa kopo tupu la maziwa ya unga.

"Wewe kazi yako ni kuchota maji na kumwanga inje," tonton aliniambia. "Usiangalie mawimbi, haikuulize kitu. Angalia maji ya ndani tu. Usisimame, usigeuke, usishike ukingo. Mutu anashika ukingo ili apone, kumbe anavuta mutumbwi ilale."

Ndani ya ghuba ilikuwa raha. Wale watatu walikuwa wanaimba, mmoja anatupa neno, wawili wanaliokota, na makafi yanaingia majini pamoja kwenye kila neno linaloanguka. Nilidhani wanaimba kwa furaha. Mama alinielekeza: wimbo ndio unaoshika mikono, ukikatika, kila mtu anapiga kwa saa yake na mtumbwi unakuwa mlevi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ananusa upepo. Alinyoosha mkono aguse maji, lakini kutoka juu ya tipoyi mkono haukufika.

"Nikifika," alisema, "nitalala kwa kitanda ya mama yangu. Hata siku mbili. Ikisha, kiishacho kiishe."

"Utakaa mwezi muzima," nikamwambia, "halafu nitakuja kukuchukua na boti ya mota."

"Ndiyo," alisema. "Na boti ya mota."

Mlangoni tulijificha nyuma ya jiwe kubwa la kwanza, mahali maji yametulia kidogo, na tonton akakaa kimya. Ndipo nilipoogopa, kwa kuwa sikuwahi kumwona kimya. Alikuwa anahesabu mawimbi. Makubwa yalikuja matatu, wakati mwingine manne, halafu yalifuata madogo kama watoto wanaofuata wazazi, na katika madogo hayo ndipo mtu anatoka. Aliacha makubwa yapite mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akapiga kelele na wote wakachimba maji.

Tulitoka urefu wa nyumba nne au tano. Wimbi la kwanza liliinua pua ya mtumbwi, na tipoyi ikayumba juu yetu kama tawi lenye ndege mkubwa. Mtumbwi ulilala upande wa kushoto, ukangoja, ukafikiri, ukalala zaidi. Maji yakaingia kwa ukingo bila haraka, kama mtu anayeingia kwake. Baba mukubwa alianza Salamu Maria. Tonton aliurudisha mtumbwi nyuma ya jiwe, sijui kwa nguvu gani.

"Mumushushe!" alipiga kelele. "Mumushushe sasa, ao tunarudi!"

"Ndani ya maji?" baba mukubwa alisema. Maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. "Mutu ya homa?"

Mama ndiye aliyejibu. "Baba mukubwa ya batoto yangu, nakuheshimu. Ulinipokea mulimani nikiwa musichana, hukunitukana hata siku moja. Lakini hapa ni kwetu. Unishushe."

Mzee yule alikata kamba kwa kisu chake mwenyewe. Alikuwa analia bila kujificha. Alifungua vifungo vya abacost, kimoja kimoja, akaivua, akaitandika chini kwenye maji ya tumbo la mtumbwi, na hapo juu tukamlaza mama. Tipoyi tukaiacha iende, ikaelea kuelekea Bukavu ikiwa tupu. Kisha mzee akasukuma bidoni ya kwanza majini, na ya pili.

"Sasa," tonton alisema, "sasa tuko batu ya ziwa."

Na kweli. Mara ya pili mtumbwi ulikuwa kitu kingine. Tulitoka kwenye mawimbi madogo, pua imeelekezwa kwenye wimbi lakini si moja kwa moja, kidogo pembeni, kama mtu anayepita mlango mwembamba na bega. Tonton hakuruhusu makafi yasimame. "Mukiacha kupiga, ziwa njo inaongoza," alisema. Tulipanda, tukashuka. Wimbo ulikuwa umekuwa mfupi, neno moja tu na pumzi. Lakini upepo ulikuwa umeongezeka wakati wote ule tuliopoteza nyuma ya jiwe, na sasa kila wimbi la tatu lilitupa bakuli la maji juu ya pua. Nilichota. Nilichota bila kuangalia nje, kama nilivyoambiwa, na kwa sababu sikuangalia nje nilimwangalia mama. Maji yalikuwa chini ya mgongo wake na pembeni mwa shingo. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Alikuwa anaangalia mbingu, na nitasema ukweli, hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyesikia sauti za watu wa kwao nyuma ya ukuta.

Kuna jiwe la mwisho pale, jeusi, linaonekana na kupotea. Ukilipita hakuna kugeuza, kwa sababu mbele yake mawimbi yanakuja marefu, na mtumbwi ukiyapa ubavu yanaumaliza. Kabla ya jiwe hilo bado unaweza. Tonton alimwuliza baba mukubwa tupite au tugeuze, lakini mzee alikuwa amefumba macho. Mama alisema, "Pita." Alisema kwa sauti ndogo, lakini tulisikia wote.

Tonton hakupita bado. Kutoka kwake nyuma hakuweza kuona chini pale mama alipolala. Akaniita mimi.

"Mwana! Maji inapunguka ao inaongezeka?"

Aliuliza kitu cha kazi tu. Ukichota na maji yakapungua, mtumbwi unaweza kupita. Yakiongezeka, hauwezi. Jibu lilikuwa chini ya macho yangu. Lakini mimi niliangalia midomo ya mama. Niliwaza: tukirudi atakauka, atakunywa chai ya moto, na kesho mbele ya jua tutapita kwenye maji ya mafuta, bila pombe, bila ugomvi, na itakuwa vizuri. Niliiona kesho hiyo, na rangi zake. Siku zote niliona kesho vizuri kuliko leo.

"Inaongezeka!" nikapiga kelele.

Aligeuza. Alingoja mgongo wa wimbi, akapiga kelele, wale watatu wakapiga upande mmoja wote, na mtumbwi ukazunguka juu ya wimbi kama mtu anayezunguka kwenye kisigino. Wimbi moja lilitupiga mgongoni. Baada ya hapo upepo wenyewe ulitusukuma nyumbani, na hakuna aliyeimba tena, kwa sababu haikuhitajika.

Tulipofika maji ya utulivu niliacha kopo, nikainama kumfuta mama uso. 

"Ilikuwa inapunguka," mama alisema. Hakuwa na hasira. "Nililala ndani yake, mama. Nilisikia inashuka kwa sikio yangu."

"Kesho, mama," nilimwambia. "Kesho mbele ya jua. Nakuapia."

"Ndiyo," alisema. "Kesho." Akageuza uso kwenye mbao.

Usiku homa ikampanda na kifua kikafunga. Muuguzi wa kartie, mtaa wetu, alisema mtu asimtingishe, hata kumkalisha. Jumapili tonton alikuwa ufukoni mbele ya jua, na mtumbwi mtupu. Nilishuka kumwambia. Ziwa lilikuwa limelala kabisa, hata mkunjo mmoja hakuna, na mlango ulionekana kwa mbali wazi kama mlango wa nyumba ya watu wema. Jumatatu alikuja tena. Ziwa lilikuwa lilelile. Alikuwa anachora mchanga na kidole cha mguu. Jumanne hakuja, nikashukuru.

Mama aliishi siku tisa baada ya safari ile. Siku ya sita alianza kusema lugha ya kwao, ambayo sisi watoto hatukuijua vizuri. Baba hakuijua hata kidogo, akawa ananiuliza mimi, "Anasema nini?" Nilisikia neno moja moja tu, mama, maji, mama, na sikumwambia baba hata hayo. Nilimwambia anasali. Tulimzika Mudaka, katika shamba la ndizi, mahali pazuri, na kutoka pale ziwa halionekani. Baba mukubwa alichimba pamoja na vijana ingawa hakuna aliyemwomba. Shati lake lilikuwa na kola iliyochanika. Ile abacost alimrudishia mwalimu ikiwa imekunjamana, na mwalimu, nasikia, alikataa kuipokea, akasema abaki nayo.

Watu waliniambia maneno ambayo watu huambiana. Kwamba tungezama wote. Kwamba niliwaokoa watu sita. Padri alisema Mungu alipenda hivyo. Niliwaitikia wote, maana ninapenda watu, sitaki mtu aondoke kwangu akifikiri neno lake halikusaidia. Lakini mkono wangu ulikuwa unakumbuka kopo, na kila nilipolikumbuka nilijaribu kuyaona maji yale tena, kama yalikuwa kwenye msumari wa juu au wa chini wa mbao, na siyaoni. Namwona mama tu.

Baada ya matanga ilibidi mtu aende kumwambia koko. Ujumbe wa kwamba binti yake anakuja alikuwa ameupata kwa wachuuzi wiki nzima kabla ya safari ile, na ujumbe wa pili hakuna aliyetaka kuubeba. Nikasema nitaenda mimi. Tulitoka mbele ya jua. Tonton aliniweka palepale katikati, akanipa kopo, na sikuchota hata tone. Tulipita jiwe la mwisho likiwa limetoka lote nje ya maji, na ndege mweupe amekaa juu yake anajikuna. Ilichukua muda wa kumenya chungwa.

"Tonton," nikasema bila kugeuka, "kama ningesema inapunguka?"

Alipiga kafi mara tatu, mara nne.

"Tungepita," alisema. Halafu akasema, "Ao hapana. Sijui, mwana. Nilikuuliza sababu sikujua. Kama ningejua singekuuliza."



Nyumba ya koko iko juu kidogo ya ufuko. Alikuwa amekaa nje, miguu imenyooshwa mbele yake juu ya mkeka. Aliniona ninapanda peke yangu, akamwona tonton nyuma yangu amevua kofia, na sikuhitaji kusema. Nilisema hata hivyo. Nilisema yote, kwa Kiswahili changu cha mjini, tonton akitafsiri, na nilipofika penye swali na jibu tonton aliacha kutafsiri. Nikamwambia aseme. Akasema.

Koko alinisikiliza mpaka mwisho. Alishika mkono wangu, akaugeuza, akatazama kiganja, akaurudisha. Kisha aliuliza kama nimekula.

Ndani alikuwa ametandika kitanda. Nyasi zilikuwa mbichi, zimekatwa asubuhi ile. Jirani aliniambia alikuwa akikatiwa nyasi mpya kila siku tangu ujumbe wa kwanza, na zile za jana anatoa mwenyewe, anatambaa, hataki kusaidiwa, maana mgonjwa halali kwenye nyasi kavu. Koko aliniashiria pale. Msafiri amechoka, alisema, alale. Nilitaka kukataa, nikakosa neno la kukatalia. Nikalala upande wa ukuta, nikamwachia nafasi mtu mwingine, na hakuna aliyekuja kuijaza. Nje nilimsikia koko akimwambia jirani kwamba kesho asikate nyasi.